Muhtasari wa Kikao Kisichofanyika

Mtu anayetembea na katiba mfukoni simwamini. Nilikuwa hivyo kabla sijafika Muscat, na kwa sehemu kubwa bado niko hivyo. Kwetu Tanga nimewaona wengi wakikiinua kile kitabu mbele ya watu, mkono wa kulia juu, macho yamelegea kwa uchamungu, na mwezi haujaisha kimegeuzwa cha kuwekea kikombe cha chai. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipofua shati la bosi wangu Mmarekani nikakuta mfukoni kijitabu chembamba, naye akaniambia kwa fahari kwamba ni katiba ya nchi yake, nilisema kimoyomoyo: haya, tumepata mwingine.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, wakili aliyestaafu. Mkewe ndiye aliyekuwa na kazi, akifundisha chuo kikuu, na ndiyo maana waliishi Al Khoudh. Yeye alishinda nyumbani akisoma magazeti ya kwao kwenye kompyuta na kuyagombeza. Hakuficha upande wake. Alikuwa wa wale wanaopenda kanisa, bunduki, na serikali isiyotia pua kwenye mambo ya watu. Kila asubuhi mimi nilipiga pasi sebuleni na yeye akabishana na skrini.

Mwanzoni nilidhani anawatukana wapinzani wake. Kiingereza chake kilipoanza kuniingia nikagundua anawatukana wa kwake. Siku moja alinieleza, bila mimi kuuliza, huku nikikunja shuka. Rais wa upande wa pili alipokuwa akisaini amri bila kupitia bungeni, chama chake chote kilipiga kelele kwamba huyu anajifanya mfalme. Sasa aliyekaa kwenye kiti ni wa kwao, anasaini vilevile, na watu walewale wanampigia makofi. Akasema kalamu ni ileile, kilichobadilika ni kwamba sasa wanampenda anayeishika. Akagonga mfuko wa shati. Akasema kile kitabu kiliandikwa na watu wasioaminiana, na huo ndio uzuri wake, maana kila mmoja alijua hata yeye mwenyewe akiachiwa ataharibu.

Hapo kwenye kutoaminiana nilimwelewa vizuri. Hata hivyo hilo la "hata yeye mwenyewe" nililiacha lipite. Nilikuwa nafuta vumbi ofisini kwake kila Jumatatu, na nilijua kwamba kwenye droo ya pili ya meza yake, chini ya bahasha za benki, ilikaa pasipoti yangu. Sikuwa nimeiuliza, na yeye hakuwahi kuitaja. Nilikuwa namtazama tu anavyohubiri uhuru, nikaendelea na shuka zangu.

Siku yangu ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa wanawake ishirini na wawili, Watanzania, wengi wa kazi za ndani, wachache wa saluni na hotelini, Waislamu na Wakristo, na tulikutana Ruwi kwenye fleti ya fundi cherehani mmoja ambaye mumewe anaendesha lori. Watanzania watatu wakikutana ugenini lazima wawe na mwenyekiti, katibu na muhuri. Wetu tuliuchongesha palepale Ruwi karibu na kituo cha mabasi, muhuri wa duara, wino wa buluu. Kazi ya kikundi ilikuwa moja, kwamba mtu asibaki peke yake. Ukilazwa, wenzako wanakuja na uji. Ukifiwa nyumbani, wanakuja kukaa nawe, hata kwa saa moja waliyoibia kazini.

Thamani yake naijua kwa sababu niliwahi kunyang'anywa. Kabla ya Mmarekani nilikuwa kwenye nyumba nyingine ambako Ijumaa zangu zilikatwa. Wiki tano sikuonekana kikundini. Mwenyekiti wa wakati ule akatangaza kwamba mimi ndiye ninayepeleka maneno ya wenzangu kwa mabosi, maana mbona sionekani? Nikatolewa, na hakuna aliyeniuliza neno. Miezi miwili baadaye nilipasuliwa kidole tumbo, nikalala hospitali siku tano, na aliyenimenyea chungwa ni Mfilipino wa kitanda cha jirani. Hasira ile ninayo mpaka leo, sitaki kudanganya.

Mwenyekiti yule aliporudi nyumbani akachaguliwa fundi cherehani, ambaye ni rafiki yangu. Alinirudisha, na akanipa ukatibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Kisha tukaandika katiba. Ibara ya sita ni yangu neno kwa neno: mwanachama hatatolewa mpaka aambiwe anatuhumiwa nini na nani, na asikilizwe mbele ya kikao. Niliiandikia jikoni Al Khoudh. Bosi akaniuliza naandika nini, nikamtafsiria, akafurahi kama mtu aliyeletewa mjukuu. Halafu akasema kitu kilichoniudhi.

"Hii umeiandika kwa ajili yako," alisema. "Ngoja siku atakapoihitaji mtu usiyempenda."

Nilijiuliza kinachomhusu ni nini. Mzungu anayeulizia sana mambo ya wafanyakazi huwa ana lake jambo, ndivyo nilivyoamini. Niliondoa karatasi zangu mezani nikawa naandikia chumbani.

Mwanzoni mwa mwaka huu alikuja kwetu msichana wa Singida. Alitoroka nyumba aliyofungiwa miezi saba bila kutoka, akafika Ruwi na ndala za kuogea miguuni. Mwenyekiti akampokea. Ijumaa ile tulikaa kikao, tukakubaliana atafichwa kwa mwenyekiti mpaka tumtafutie njia ya kufika ubalozini, na kila mmoja alete alichonacho, nguo, mchele, sabuni. Kama kawaida niliandika muhtasari, nikaugonga muhuri, nikaupiga picha na kuutuma kwenye kundi letu la simu ili na wasiofika wasome. Nilikuwa katibu wa kupigiwa mfano, kila mtu alisema.

Jumanne watu wawili wa maktab, yaani ofisi ya wakala iliyomleta yule msichana, walibisha hodi kwa mwenyekiti. Hawakubahatisha. Walijua ghorofa na mlango, na walimtaja msichana kwa jina. Walimwondoa na ndala zake zilezile, na hatukumwona tena.

Wiki ile niliogopa kila mtu. Nilimshuku mume wa mwenyekiti. Nilimshuku mwenye duka wa chini, aliyekuwa akituhesabu kwa macho kila Ijumaa. Nilimshuku hata bosi wangu, kwa sababu nilikuwa nimezungumza kwenye simu jikoni kwake, ingawa Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante" na "chai". Lakini moyoni nilikuwa nimeshampata wangu, na nilijua tangu saa ya kwanza.

Alikuwa mwanamke wa Mwanza aliyefanya kazi kwenye nyumba moja karibu na Matrah. Sikumpenda. Kikaoni alikaa mlangoni kama mtu anayesubiri gari, na siku moja nilipomaliza kusoma muhtasari alisema mbele ya wote kwamba hana neno na mwandiko, ila mihtasari yangu ina maneno mengi kuliko kikao chenyewe. Watu wakacheka. Zaidi ya hayo, mama mwenye nyumba yake alikuwa binamu ya mwenye ile maktab, jambo tulilolijua sote. Na Ijumaa nne mfululizo hakuonekana. Nilijisikia nikisema kwenye simu: mbona haonekani?

Mwenyekiti alikuwa na mawazo yaleyale, tena kwa moto zaidi. Alisema kumwita tumsikilize ni kumpa nafasi ya kukimbilia maktab mara ya pili. Hii ni dharura, alisema, na dharura haingoji Ijumaa. Nimtoe kwenye kundi la simu leo, na ili mambo yakae sawa niandike muhtasari kwamba tumekutana, ameitwa, amekosa la kujibu, wajumbe wameafiki. Nilimkumbusha ibara ya sita, kwa sauti ya mtu anayetaka kukataliwa. Akaniuliza kwa upole iwapo naye namwona kama yule mwenyekiti wa zamani. Nikasema hapana, wewe ni wetu. Na kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu nzima.

Alhamisi mchana nilikaa jikoni na karatasi, kalamu na muhuri. Nilikuwa nimefika kwenye mahudhurio, nabuni nani alikuwepo na nani alitoa udhuru, bosi alipoingia amewiva uso. Alikuwa ametoka kugombana na kaka yake kwenye simu, ndugu aliyekwenda naye kanisani na kupiga naye kura tangu ujana wao. Kaka alikuwa amemwambia kwamba wote wanafanya hivyo, na huyu angalau ni wetu. Bosi aliyarudia maneno hayo mara mbili huku akijimwagia maji kwenye glasi. Mimi nikainamia karatasi.

Akaona muhuri, akaniuliza. Ningeweza kumwambia ni barua tu. Lakini nilikuwa na hamu mbaya ya kuambiwa nina haki, na nani angenielewa kuhusu wasaliti isipokuwa mwanasheria? Nikamweleza yote, msichana, maktab, mwanamke wa Mwanza, dharura. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema huenda huyo mwanamke kweli ana hatia, lakini ninachoandika ni uongo, na uongo wenye muhuri ni mbaya kuliko ule wa mdomoni, kwa sababu kesho mwingine ataukuta umekaa kwenye faili na ataufuata.

Nilipandwa na hasira. Hasira yangu huja na maneno yaliyokwisha pangwa, na haya nilikuwa nimeyapanga mwaka mzima.

"Na pasipoti yangu," nikamwambia, "kwenye droo ya pili, ipo kwenye ibara gani?"

Alianza kujibu. Alisema hapa kila mtu anafanya hivyo, wakala ndiye aliyewashauri, ni kwa usalama wangu mwenyewe, na huyo mfanyakazi wa jirani... Akakatiza katikati. Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe. Aliweka glasi chini, akaenda ofisini, nikasikia droo. Alirudi na pasipoti akaiweka mezani kando ya muhuri. Aliniomba radhi, kwa sentensi moja, bila kunitazama, kisha akasema alipaswa kunipa siku ile ile niliyofika, na kwamba yeye ndiye aliyekosea, mkewe hahusiki.

Ningependa kuandika kwamba hapo niliguswa. Sikuguswa. Nilimwona mjanja. Nilisema ananifunga mdomo, amebanwa ndiyo maana anatoa, na mtu anayetoa kwa kubanwa hana cha kunifundisha. Alipoondoka nilimaliza muhtasari. Wajumbe waliohudhuria kumi na saba. Mtuhumiwa aliitwa, alifika, hakuwa na utetezi. Niliandika hata kwamba kikao kilifunguliwa kwa dua. Nikagonga muhuri, nikapiga picha, nikamtoa yule mwanamke kwenye kundi, nikatuma, halafu nikatia pasipoti yangu ndani ya sidiria na kwenda kukaanga vitunguu.

Wiki tatu zikapita bila kikao, kwa kuogopa maktab kurudi, na kwa utulivu ambao niliuita ushindi.

Bosi alipenda kujichagulia samaki mwenyewe, na Jumamosi moja asubuhi nilimsindikiza sokoni Matrah. Yeye alibaki akibishana bei ya nguru, mimi nikapeleka wale aliokwisha nunua kwenye meza ya wakataji. Mbele yangu kwenye foleni alisimama yule mwanamke wa Mwanza. Alikuwa amekonda. Nilitaka kugeuka, lakini samaki wangu walikuwa wameshapokelewa.

Alinisalimia. Kusema kweli ningeona afadhali angenitukana. Nilimjibu kwa ukali, nikamuuliza maktab hawajambo. Alinitazama kwa muda kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kwa sababu dereva wa mama mwenye nyumba alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale.

Simu yake ilikuwa imechukuliwa. Mama yule alimnyang'anya mwezi mzima kabla ya hayo yote, pamoja na Ijumaa zake, kwa kosa la kuvunja bakuli. Hakujua lolote kuhusu msichana wa Singida mpaka mama alipomwita jikoni akiwa na ile simu mkononi. Tulikuwa tumesahau, au mimi nilikuwa nimesahau, kwamba mama yule ni Mwomani wa Unguja. Alizaliwa Mji Mkongwe, na Kiswahili ni chake kuliko changu.

"Akanisomea yote," aliniambia. "Ajenda namba tatu, mwenzetu aliyetoroka yuko kwa mwenyekiti. Mwandiko wako ulivyo mzuri, hakukwama popote. Akaniambia, 'Nnasoma mimi, ulidhani sijui?'"

Ni mimi. Nilimwandika yule msichana, nikamwandikia na nyumba aliyofichwa mpaka ghorofa na mlango, nikamgonga muhuri, nikamtuma kwenye simu ishirini na mbili ambazo nusu yake hulala kwenye droo za watu wengine. Maktab hawakuhitaji msaliti, walikuwa na katibu.

Hakuwa amemaliza. Mkataji alikuwa akimkwangulia magamba ya samaki wake, na yeye aliyatazama yakiruka. Alisema mama yake mzazi alifariki Mwanza juma lililopita. Alipata ruhusa ya simu kwa dakika chache, akaomba aitumie kutuarifu, ndipo akakuta hayumo kundini. Alidhani ni hitilafu. Alimpigia mwenyekiti, mwenyekiti akakata. Basi akamlilia mama yake akiwa anapanga vyombo, kwa sababu siku ile kulikuwa na wageni.

Nilimpa pole. Neno hilo halikuwa na uzito wowote. Dereva akamwita, akabeba mfuko wake akaenda.

Ijumaa iliyofuata tulikutana tena, kikao kilifunguliwa kama kawaida na mimi nikasimama kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Ni utaratibu wetu, katibu husoma, mwenyekiti huuliza kama kuna marekebisho, watu husema hakuna, tunakwenda kwenye yatokanayo. Nilisoma ule wa uongo mpaka mwisho, na wanawake wale kumi na saba niliowaandika walisikiliza majina yao wenyewe bila kupinga, maana kila mmoja alijua hakuwepo na kila mmoja alidhani wenzake walikuwepo. Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho. Nikasema ninayo.

Sikumficha mtu. Nilisema hapakuwa na kikao, hakuitwa, hakusikilizwa, na kilichomfichua msichana wa Singida ni muhtasari wangu. Mwenyekiti alinikatiza mara mbili akisema hayo tutayaongea baadaye. Nilipofika kwake, kwamba tulikubaliana kwenye simu, alisimama akanigeuzia kibao. Akasema basi kama katibu amekiri, hakuna cha kungoja, atolewe sasa hivi. Sauti kadhaa zikamuunga mkono, za watu niliowajua na kuwapenda. Mmoja alikuwa ameshashika simu.

Aliyewazuia ni mpishi mmoja wa Iringa, mama mtu mzima ambaye kikaoni husuka tu ukili bila kusema. Hakuinua uso. Alisema ibara ya sita, akaendelea kusuka. Aliyeshika simu akaiweka chini, na mimi niliona haya hata kunyanyua kichwa. Niliambiwa natuhumiwa nini na nani, nikapewa wiki moja ya kujiandaa, na Ijumaa ya pili nikasikilizwa kwa saa nzima. Walininyang'anya muhuri na ukatibu, wakaniacha niwe mwanachama wa kawaida. Mwenyekiti naye aliulizwa, akalia, akaachiwa kiti mpaka uchaguzi. Leo ananisalimia kwa kidevu. Mwanamke wa Mwanza alirudishwa kwa mikono yote iliyokuwepo.

Swali likawa nani atampa habari, na kwa njia gani, kwa kuwa simu yake haikuwa yake. Nikasema nitakwenda mimi.

Bosi alinipeleka Matrah Jumamosi tatu kabla sijamkuta. Hakuniuliza kitu, na mimi nilimweleza mwenyewe njiani, yote, pamoja na pale nilipogonga muhuri baada ya yeye kunirudishia pasipoti. Tulipofika alisema kaka yake bado hapokei simu zake. Hilo tu. Na mimi, kwa mara ya kwanza, sikutafuta kilichofichwa nyuma ya maneno yake.

Mwanamke wa Mwanza nilimkuta kwenye meza ileile ya wakataji. Nilimweleza kwamba amerudishwa, kwamba Ijumaa hii wenzake watakuja hadi kwenye geti la mama yule kumpa pole, wapende wasipende, na kwamba majina na mahali hatuandiki tena. Alisikiliza huku akihesabu vipande vya samaki vikiingia mfukoni.

"Siku ile mngeniita," aliuliza, "nikaja, nikakwambia simu ilikuwa kwa mama, ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa na ndiyo tayari mdomoni.

"Hapana," nikamwambia.

Aliinama akafunga mfuko mafundo mawili.

"Basi na hilo liandike," akasema, akamfuata dereva.